Kiuno cha nyigu: Mlimani na rika lililorukwa

Mwaka 2006 Issa Shivji alitimiza miaka 60, akastaafu ualimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa ameanza kufundisha pale mwaka 1970, kijana wa miaka 24. Mwaka 2008 akarudi Mlimani, kama chuo kile kinavyoitwa, kwa mlango mwingine, safari hii akiwa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za umajumui wa Afrika. Kalenda ilisema mtu huyu muda wake umekwisha. Chuo chenyewe kikaona bado kinamhitaji.

Umaarufu wake tuuache kando. Ninachotaka ni tarehe zake: kuingia 1970, kutoka 2006. Tarehe hizo zinafanana sana na za walimu wengi wa Mlimani wa wakati wake, na ndiyo maana habari ya kuzeeka kwa wahadhiri wa chuo kile haiwezi kuelezwa kwa kuhesabu mvi. Kisa kinaanzia kwenye namna walivyoingia. Kisha kinahamia kwa watu ambao hawakuingia kabisa, na hao ndio mzizi wa tatizo.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, baadaye kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikahamia kilimani mwaka 1964. Walimu wa miaka hiyo walikuwa wageni kwa sehemu kubwa. Tarehe 1 Julai 1970 Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zikaachana, kila moja ikajitegemea, na haja ya kuwa na wahadhiri wazalendo ikawa ya leo na si ya kesho.

Njia iliyotumika inaitwa mpaka leo "kubakizwa". Mwanafunzi aliyefanya vizuri kupita wenzake alibakizwa idarani, akafundisha semina mwaka mmoja au miwili, kisha akapelekwa ng'ambo kusoma: Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani zote mbili, Uswidi. Akarudi na shahada ya uzamivu, akapewa ofisi na nyumba ya chuo. Ilikuwa njia nzuri na ilifanya kazi upesi. Katika muda wa miaka kumi hivi, ofisi za wageni zilijaa Watanzania wenye umri unaokaribiana, wengi wakiwa wamezaliwa kati ya miaka ya mwisho ya 1930 na miaka ya mwanzo ya 1950.

Waliopanda basi moja kwenda kituo kimoja hushuka pamoja. Walimu hawa walikuja kustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, kwa hiari 55. Mtu yeyote mwenye karatasi na kalamu angeweza kukaa mapema na kuona kwamba kati ya 1998 na 2012 idara nyingi zingewapoteza walimu wao wakuu karibu kwa mkupuo. Hapakuhitajika utabiri. Ilikuwa hesabu ya kutoa.

Kuna jambo lingine la miaka ile ambalo husahauliwa. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, atangulie kufanya kazi walau miaka miwili na apate pendekezo la huko alikofanya kazi. Masharti hayo yalilegezwa baadaye kwa baadhi ya fani na kwa wasichana, lakini kwa waliobaki, pamoja na mwaka wa Jeshi la Kujenga Taifa, yalimaanisha kwamba kijana alianza shahada ya kwanza akiwa tayari mtu mzima. Aliyebakizwa kati yao alianza ngazi ya chini kabisa akiwa katika umri ambao mtangulizi wake alikuwa anamalizia uzamivu. Sera ilikuwa na nia yake, na sina ugomvi nayo. Ila ilikula miaka, na miaka hiyo ililipwa mwishoni mwa kazi, pale ambapo mtu anaupata uprofesa leo na kuandikiwa barua ya kustaafu keshokutwa.

Miaka ambayo haikuandikwa

Miaka ya 1980 mshahara wa mhadhiri ukawa hautoshi kumfikisha mwisho wa mwezi, na pengine hata katikati. Mlimani ilijaa mabanda ya kuku, na si kwa utani: nyuma ya nyumba za walimu kulikuwa na kuku, ng'ombe na nguruwe, na mtu aliyeandika tasnifu juu ya nadharia ya dola aliamka alfajiri kupeleka maziwa. Wengine waliondoka. Chuo Kikuu cha Botswana kilichozaliwa mwaka 1982 kiliwapokea wengi, kama vilivyowapokea vyuo vya Lesotho na Swaziland, na baada ya 1994 mlango wa Afrika Kusini nao ukafunguka. Walioondoka kwa wingi hawakuwa wazee waliokaribia pensheni, wala vijana wasio na digrii ya kuuza. Walikuwa wa katikati, wenye uzamivu mkononi na watoto wa kusomesha.

Kisha ikaja miaka ya 1990 na mageuzi ya utumishi wa umma. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi na kubana ajira mpya ili ilingane na masharti ya wakopeshaji. Chuo kikuu, kwa kuwa mishahara yake ilitoka Hazina, kikaingia kwenye kapu hilohilo. Nafasi ya aliyestaafu au aliyekwenda Gaborone ilibaki wazi, na kijana wa daraja la kwanza ambaye zamani angebakizwa akaenda benki, akaenda kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, au akaenda kusoma nje na hakurudi.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Hospitali isipoajiri wauguzi kwa miaka mitatu, wagonjwa watajua. Shule ya msingi isipoajiri, wazazi watajua. Chuo kikuu kisipoajiri kwa miaka kumi hakuna anayejua. Tena idara itaonekana bora kuliko zamani: walimu wamekomaa, karibu wote wana uzamivu, vyeo vimepanda, machapisho yapo. Bajeti nayo imepumua. Hasara haionekani mwaka ule wala mwaka unaofuata. Inajitokeza baada ya miaka kumi na tano au ishirini, wakati waliofunga mlango wamekwisha kustaafu wao wenyewe na hakuna wa kumwuliza.

Mchukue kijana wa kufikirika aliyezaliwa 1968. Mwaka 1993 ana miaka 25 na matokeo mazuri, idara inamtaka, nafasi hakuna. Angeajiriwa mwaka ule, mwaka 2013 angekuwa na miaka 45, mhadhiri mwandamizi au profesa mshiriki, mkuu wa idara, msimamizi wa tasnifu nne au tano. Ndiye angepokea funguo kutoka kwa wale wa 1970. Mzidishe kwa idara zote, kwa miaka yote ya kubana ajira, utaona ukubwa wa pengo.

Madimbwi mapya, samaki walewale

Mlango ulipofunguliwa tena, ulifunguliwa wote. Elimu ya msingi na ya sekondari ilikuwa imepanuliwa kwa mipango ya MMEM na MMES, shule zilihitaji walimu, na Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005 iliwawezesha vijana wengi kulipa ada. Mwaka huohuo vyuo vishiriki vya ualimu, DUCE cha Chang'ombe na Mkwawa cha Iringa, vikaanza kupokea wanafunzi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikafungua milango, Muhimbili na Ardhi vikawa vyuo vikuu kamili. Vyuo binafsi vilikuwa vimeshaanza kuchipuka tangu muongo uliotangulia.

Kila chuo kipya kilihitaji makamu wa mkuu wa chuo, wakuu wa vitivo, wakuu wa idara, watu wa kukaa kwenye seneti. Watatoka wapi? Walitoka Mlimani na chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kwa sehemu kubwa. Makamu mkuu wa kwanza wa Dodoma, Profesa Idris Kikula, alitoka Mlimani. Vyuo binafsi navyo viliwapokea wastaafu kwa mikono miwili, kwa sababu mstaafu ana cheo kinachohitajika kwenye ithibati na hadai mkopo wa nyumba. Hivyo lile tabaka jembamba la katikati likanyooshwa likafunika vyuo vingi, likazidi kuwa jembamba.

Chini, wakaajiriwa wakufunzi wasaidizi kwa mafungu. Hawa ndio wanaoitwa TA, na hakuna Mtanzania aliyepita chuo kikuu asiyewajua: ndiye aliyekufundisha semina, akasahihisha majaribio yako, pengine akafundisha kozi nzima huku jina la profesa likisomeka kwenye ratiba. Ukichora umri wa walimu wa idara ya namna hiyo, unapata juu pana, chini pana, na katikati kiuno cha nyigu.

Lugha ya kwenye mikutano huita hali hii "kuzeeka kwa wanataaluma". Jina hilo linapotosha, kwa maana linawaelekezea kidole wazee, kana kwamba wamekalia viti vya watu. Wazee wako pale walipopaswa kuwa. Walikaa kwa sababu ukiwaondoa, kwenye baadhi ya idara hapabaki mwenye sifa ya kusimamia uzamivu hata mmoja.

Hesabu ya ngazi

Ngazi yenyewe ina vidato sita: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kuingia kidato cha kwanza siku hizi kunadai wastani wa 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza, na cha pili kunadai 4.0 kwenye uzamili. Kuwa mhadhiri kunadai uzamivu. Kuanzia hapo kila kidato kinadai walau miaka mitatu na machapisho yanayohesabiwa kwa pointi na kutathminiwa na maprofesa wa nje ya chuo.

Kwenye karatasi inapendeza. Mtu amemaliza shahada akiwa na miaka 24, uzamili 28, uzamivu 34. Miaka mitatu mitatu, na akiwa na 43 ni profesa kamili. Nimewauliza watu wa kada hii kama wanamfahamu mtu wa namna hiyo. Wanacheka kwanza.

Kinachotokea ni kwamba TA anasubiri udhamini wa uzamili. Akimaliza, anasubiri kubadilishiwa muundo, yaani atambuliwe na kulipwa kama mhadhiri msaidizi, jambo linalotegemea ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na bajeti ya mwaka wa fedha. Wakati huo anafundisha darasa la wanafunzi mia tano, mara nyingine zaidi, na kusahihisha vitabu vyao vya mitihani kwa mkono. Akianza uzamivu, msimamizi wake ni mmoja wa wale wachache wa juu, mwenye wanafunzi wengine saba, vikao vinne kwa wiki na ushauri elekezi wizarani. Rasimu ya sura inakaa mezani miezi mitatu. Kijana anasubiri nje ya mlango na faili lake. "Shikamoo Prof." "Marahaba, bado sijaisoma, njoo Alhamisi." Alhamisi Prof. yuko Dodoma.

Uzamivu wa miaka mitatu au minne unakuwa wa sita au saba. Anaupata akiwa na miaka 40. Sasa anatakiwa achapishe, lakini yeye ndiye mwenye uzamivu mpya idarani, kwa hiyo anapewa uratibu wa mitihani, uratibu wa mafunzo kwa vitendo, ukatibu wa kamati, na kozi tatu. Uandikaji unahamia usiku. Uandamizi anaupata akiwa na 46 au 47, uprofesa mshiriki karibu na 53, na uprofesa kamili, akijaliwa, 58.

Kwa mwanamke hesabu hii ina mkato wake. Miaka ya uzamivu, 30 hadi 40, ndiyo miaka ya kuzaa na kulea, na ngazi haimpi pointi kwa hilo wala haimsubiri. Ukipita kwenye korido ya idara ukasoma vibao vya milangoni, utaona majina ya wanawake yanavyopungua kadiri vyeo vinavyopanda.

Tuangalie sasa mzunguko ulivyojifunga. Katikati hakuna watu, kwa hiyo mzigo wa kufundisha unawaangukia wa chini na mzigo wa kusimamia unawaangukia wa juu. Kwa sababu hiyo wa chini wanachelewa kupanda. Kwa kuwa wanachelewa, katikati panabaki patupu. Pengo lililotengenezwa na ajira za miaka ya 1990 sasa linajizalisha lenyewe, hata bila zuio lolote la ajira.

Miaka mitano ya nyongeza

Katika utawala wa Rais Magufuli sheria ya utumishi wa umma ilirekebishwa: maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma, pamoja na madaktari bingwa, wastaafu kwa hiari wakiwa na 60 na kwa lazima wakiwa na 65. Kabla ya hapo vyuo vilikuwa vikiziba kwa mikataba: mtu anastaafu Ijumaa, anaagwa kwa keki na khanga, Jumatatu yuko ofisini kwake kwa mkataba, na mkataba huo ukiisha anaandika barua ya kuomba mwingine.

Ulikuwa uamuzi wa busara, nauunga mkono. Profesa aliyefika juu akiwa na 58 alikuwa anatumikia cheo chake miaka miwili tu, muda usiotosha kumfikisha mwanafunzi mmoja wa uzamivu kwenye mahafali. Sasa ana saba. Lakini ulikuwa mkopo wa muda, na mkopo huulizwa umetumikaje. Ninachokiona ni kwamba miaka mitano ile ilitolewa bure, bila sharti lolote la kukabidhi. Profesa aliyeongezewa muda hakutakiwa aache ukuu wa kitengo ashikwe na wa miaka 40 naye akae pembeni kumwelekeza. Hakutakiwa apunguze kozi aongeze wasimamiwa. Aliendelea na alichokuwa akifanya, na kwa haki yake, hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Hofu ya kustaafu nayo isidharauliwe. Tangu ubishi wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, ulipoanza mwaka 2018, kanuni ikasitishwa, na mwaka 2022 mkupuo wa pensheni ukawekwa kuwa asilimia 33, mtumishi yeyote wa Tanzania anajua uzito wa neno lile. Mhadhiri aliyeishi nyumba ya chuo miaka thelathini, anayesomesha mtoto wa mwisho, haoni sababu ya kuondoka akiwa na 60 wakati sheria inampa 65. Nongwa iko kwa mhadhiri wa kawaida, yule aliyekwama kidato cha tatu. Yeye bado ni 60. Mfumo uliomchelewesha kupanda ndio unaomnyima pia miaka mitano.

Lipo jambo ambalo miaka ya nyongeza ikitumika vizuri ingeliokoa, nalo ni ujuzi usioandikwa. Chukua utungaji wa kamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Toleo la pili lilitoka 2004. Mtunzi aliyekuwa na miaka 37 mwaka 1981 alitimiza 60 mwaka ule wa 2004. Leksikografia ina vitabu vyake, ndiyo, lakini namna ya kuamua kwamba neno hili liingie na lile lingoje, namna ya kufafanua "penzi" bila kutumia "pendo", haifundishwi darasani. Hujifunzwa mezani, kadi kwa kadi, karibu na aliyewahi kukosea. Kati ya toleo na toleo palitakiwa pawe na mtu wa miaka 35 aliyekaa meza hiyo muda wote. Hali ni hiyo kwenye hebaria ya mimea, kwenye maabara ya udongo, kwenye nyaraka za historia simulizi zilizorekodiwa kwenye kanda ambazo ni mtu mmoja tu anayejua sanduku lipi lina nini.

Kwa maoni yangu dawa iko kwenye ngazi yenyewe kuliko kwenye umri. Siku mwalimu atakapopata pointi kwa mwanafunzi wa uzamivu aliyemfikisha mwisho kwa wakati, kama anavyopata kwa makala ya kurasa kumi na mbili, rasimu hazitakaa mezani miezi mitatu. Leo profesa anayelea na asiyelea wanapanda sawa, na mara nyingi asiyelea hutangulia kwa sababu ana muda wa kuandika.

Fedha za kusomesha zimeongezeka. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, uliokopewa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, umewapeleka wahadhiri masomoni pamoja na kujenga majengo. Wakirudi, kiuno kitanenepa kidogo. Wasiwasi wangu ni kwamba tunaajiri kama tulivyoajiri 1970, kwa mkupuo, kisha tunafunga. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, na mwaka uliofuata ukaja uhakiki wa vyeti uliotoa orodha ya majina 9,932. Uhakiki ulihitajika. Lakini chuoni ulikuwa pia mlango uliofungwa, na kijana aliyepaswa kubakizwa mwaka ule hakubakizwa.

Nimerudia ile hesabu ya karatasi na kalamu. TA aliyeingia kazini mwaka 2007 akiwa na miaka 25, alizaliwa 1982. Yeye na wenzake wa mafungu yale ya Dodoma, Chang'ombe na Mkwawa watatimiza miaka 60 mwaka 2042, na 65 mwaka 2047, karibu kwa mkupuo. Ambaye angepaswa kuwa mkuu wa idara siku hiyo ana umri wa kidato cha nne hivi sasa.